Penye Miti Hapana Wasimulizi

Lugha yetu ni bingwa wa bahari. Mshairi aliyelelewa Lamu, Mvita, Tanga au Unguja anajua kwamba maji yana kujaa na kupwa, kwamba kuna bamvua na kuna maji mafu, na kwamba upepo si upepo tu, bali ni kusi, kaskazi au matlai. Akipanda chombo hapotei: hapa omo, kule tezi, huu mlingoti, ile foromali. Hata sisi tuliozaliwa mbali na pwani tuliyarithi maneno hayo kwa njia ya shule, nasi tunawaonya watoto wetu kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, ingawa wengi wetu hatujaiona ngama kwa macho yetu.

Mchukue sasa Mswahili huyohuyo umpeleke katika msitu mnene wa milimani, ule uitwao siku hizi msitu wa mvua. Atembee humo siku mbili, alale humo usiku mmoja. Atakaporejea, muulize ameona nini. Atakujibu kwamba ameona miti mikubwa mno, kijani kila upande, hewa safi, mandhari ya kuvutia. Kisha atatoa simu akuonyeshe picha, na hapo masimulizi yatakuwa yamekwisha.

Sisemi kwamba msafiri huyo ni mvivu wala kwamba hana macho. Ninachodai ni kwamba sisi tunaokitumia Kiswahili kwa kutunga na kufundisha hatujampa mazoea ya kuusimulia msitu, na kwamba jambo hili lina gharama kubwa kuliko tunavyodhani. Kitu kisichosimulika katika lugha ya watu huonekana kuwa si mali yao. Watu hawakilindi kitu wasichoweza hata kukitaja.

Tuanze na jina lenyewe. «Msitu wa mvua» ni tafsiri. Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, A. F. W. Schimper, ndiye aliyelizua neno hilo kwa lugha yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1898, likaingia katika Kiingereza, na kutoka huko likatufikia sisi. Silikatai. Lina maana na limeshazoeleka katika vitabu vya jiografia. Lakini msikilizaji asiyesoma jiografia huweza kudhani ni msitu wa kwenda wakati wa masika! Na tulipolipokea tulikwisha kuwa na maneno yetu ambayo tumeyaacha yachanganyike kama mchele na pumba. Pori si msitu. Pori ni mahali pasipokaliwa na watu, pawe na miti mingi au michache. Nyika ni nchi kavu na wazi, yenye nyasi na miiba. Kichaka ni kidogo, unaweza kukizunguka. Mwitu, neno zee na tamu, limeshushwa cheo likawa kama mkia wa maneno mengine: mbwa mwitu, paka mwitu, nguruwe mwitu. Ni nani leo anayesema «niliingia mwituni» nje ya ushairi na hadithi za watoto? Magazeti nayo huandika pori, msitu na mbuga katika habari moja kana kwamba ni kitu kimoja kilichobadilisha nguo.

Sasa tuingie ndani. Nitauchukua msitu wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kwa sababu naufahamu na kwa sababu msomaji aliye Tanga anaweza kuufikia siku hiyohiyo akipitia Muheza. Mahali hapo hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo na bustani ya mimea mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pembe zote za dunia. Mwaka 1997 sehemu kubwa ya msitu huo ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Wageni wanaofika ni wengi, na wengi wao wanafuata vipepeo, ndege, vinyonga na ua dogo la zambarau linalojulikana duniani kwa jina la afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire. Ua hilo liko katika vyungu kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani. Bibi wa Berlin humwagilia maji kila asubuhi ua la Usambara bila kujua Usambara iko wapi, na kijana wa Korogwe hupita chini ya Usambara kila siku bila kulijua ua.

Msafiri anapoingia humo, jambo la kwanza linalobadilika ni mwanga. Majani ya juu hulinyang'anya jua karibu miale yote. Inayofika chini ni sehemu ndogo sana, pengine 2 kwa 100 au pungufu ya hapo. Wasafiri husema «giza», na hapa ndipo neno linapotudanganya. Giza ni usiku, giza ni chumba kisicho na taa. Humo msituni adhuhuri mtu anaona. Anaona mkono wake, anaona kuvu ubavuni mwa gogo, ila rangi zote zimetiwa maji ya kijani na hakuna kivuli, kwa kuwa kila kitu ni kivuli. Kiswahili kinalo neno la hali ya kati ya mwanga na giza: utusitusi. Lipo, limekaa, linasubiri kazi. Katika miaka yangu yote ya kusahihisha insha nimelikuta mara chache kuliko vidole vya mkono mmoja.

La pili ni sauti. «Kulikuwa kimya,» husema msafiri. Ati kimya! Nyenze hulia mpaka masikio yakawasha. Mbega hukoroma alfajiri kwa sauti inayopita bonde zima. Hondohondo akipita juu ya vilele vya miti, mbawa zake husikika kabla hajaonekana, mvumo mzito wa kupwita kama mtu anayepepea jamvi. Usiku perere hupiga ukelele unaoanza kwa mkwaruzo na kuishia kwa kilio, na mgeni wa mjini aliyelala ndani ya hema huamini kwamba kuna mtu ananyongwa. Ukitazama vizuri, hondohondo ni jina linalolia kama ndege mwenyewe. Babu zetu walisikiliza kabla ya kutaja. Sisi tunataja kabla ya kusikiliza, ndiyo maana tunasema kimya.

La tatu, na hili ndilo linalonishughulisha zaidi, ni maji. Mvua ya nyikani hunyesha ikaisha. Mvua ya msituni ikiisha juu, chini inaanza. Majani mengi ya msitu wa namna hiyo yana ncha ndefu nyembamba zinazoshusha maji upesi, na kila tone huanguka kutoka jani hadi jani, ghorofa kwa ghorofa, hadi likafika ardhini muda mrefu baada ya wingu kuondoka. Jua laweza kuwa linawaka juu ya vilele na wewe chini unalowa. Tazama sasa utajiri wa vitenzi vyetu: tone hutona, maji hudondoka, huchirizika, hutiririka, hububujika, hufoka. Hatua zote za safari ya maji kutoka jani hadi mto tunazo. Tunachokosa ni jina la mvua yenyewe, ile ya pili, inayonyesha kutoka mitini. Manyunyu na rasharasha hutoka mawinguni. Umande hautoki popote, hukutwa. Basi ile tuiiteje?

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Amani, nikawaagiza waandike insha waliporudi. Insha zilikuwa 41. Neno «kuvutia» lilikuwamo katika karibu zote, na katika nyingi lilikuwamo katika sentensi ya kwanza. Zilikuwa insha safi, zenye aya na alama za uandishi, na ungeweza kufuta jina la Amani ukaandika Ngorongoro au fukwe za Nungwi bila kubadilisha herufi nyingine. Binti mmoja tu, ambaye kwa kawaida alama zake zilikuwa za wastani, aliandika kwamba baada ya mvua «miti ilikuwa ikijikamua kama kanga zilizofuliwa». Niliisoma sentensi hiyo mbele ya darasa. Baadhi walicheka, kwa kuwa kanga ni kitu cha nyumbani na msitu ni kitu cha kiserikali. Yule binti alikuwa amefanya kile ambacho mabaharia walifanya zamani: alichukua alichokijua kwa mikono yake akakitwika alichokiona kwa mara ya kwanza. Lugha hukua hivyo, wala haihitaji kamati.

Mtu ataniambia kwamba Waswahili ni watu wa pwani na msitu haukuwa wao, kwa hiyo tusitafute tusichoweka. Historia inamkatalia. Henry Morton Stanley alipoupasua msitu wa Ituri mwaka 1887, kutoka Yambuya mwezi Juni hadi alipotokea kwenye nyasi mwezi Desemba, hakuupasua kwa mikono yake. Alikuwa ameajiri Unguja zaidi ya watu 600, akawazungusha kwa meli kupitia kusini mwa bara hadi mlangoni mwa mto Kongo. Watu hao waliongea Kiswahili, waliimba Kiswahili, walizikana kwa Kiswahili, na wengi mno hawakurudi. Mwaka 1890 Stanley alitoa kitabu kikubwa ambacho jina lake liliifanya Afrika kuwa nchi ya giza kuliko zote, na neno hilo giza ndilo ambalo mpaka leo mtalii huja nalo mkobani. Wapagazi wale waliouona msitu huohuo kwa muda uleule, huku wamebeba mizigo kichwani, hatuna kitabu chao. Tippu Tip, aliyeyajua mapito ya Manyema na Kongo kuliko Mzungu yeyote wa zama zake, alituachia maisha yake kwa Kiswahili chake mwenyewe. Ni hazina kubwa. Lakini kimejaa pembe za ndovu, vita, watawala na hesabu za mali. Miti ni kitu cha kupitia tu.

Na si kwamba Waswahili wa zama hizo hawakuwa na ufundi wa kusimulia safari. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyo wa safari za Waswahili, na humo yumo Salim bin Abakari aliyesimulia jinsi alivyofika Urusi na Siberia. Siberia! Kiswahili cha karne moja na robo iliyopita kiliweza kumbeba msikilizaji hadi kwenye baridi ya Siberia kwa maneno ya pwani yaliyonyooka. Halafu leo mtu mwenye shahada, aliyesoma fasihi, anashindwa kumbeba msikilizaji kutoka Muheza hadi Amani, mwendo wa saa mbili kwa gari bovu.

Kuna sababu nyingine ya upungufu huu, nami niliishuhudia katika hifadhi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Tulikuwa kundi la wageni mchanganyiko. Kijana aliyetuongoza alikuwa hodari. Kwa Kiingereza alieleza kila mti: unavyostahimili udongo mwembamba kwa mizizi iliyosimama kama kuta, mbegu zake zinavyosafirishwa na ndege, mkuyu unavyoanza kama mgeni juu ya tawi, ukashusha mizizi, ukamkaba mwenyeji wake hadi akafa na kubaki tundu katikati. Wageni walisikiliza vinywa wazi. Kisha alitugeukia sisi wenye Kiswahili akasema: «Huu ni mti wa dawa.» Tukaenda mbele. «Na huu pia ni dawa.» Simlaumu hata chembe. Alifunzwa kwa Kiingereza, mtihani wake ulikuwa kwa Kiingereza, na ajira yake inategemea wageni wa Kiingereza. Lakini tazama matokeo yake: watu wawili wanatembea njia moja, chini ya mti mmoja, kwa bei ya kiingilio inayolingana na uraia wao, na mmoja anatoka na msitu, mwingine anatoka na dawa.

Majina ya miti yenyewe yapo, tena ni matamu. Mvule tunaujua sote, kwa kuwa seremala ameuleta hadi sebuleni. Msambu, ambao matunda yake makubwa hutoa mbegu zenye mafuta yanayoganda, wanaujua vizuri akina mama wa Usambara wanaookota mbegu hizo. Mkulo hutoa mbao zenye harufu. Mhesi una kisa chake: ulipandwa Amani tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hondohondo wakapenda matunda yake, wakazitawanya mbegu kila penye uwazi, na sasa unawasumbua wahifadhi kwa kuwafinyia nafasi miti ya asili. Jina lake la kitaalamu linamuenzi Emin Pasha, mtu yuleyule ambaye Stanley aliupasua Ituri kwenda kumwokoa. Mgeni mvamizi, ndege mchukuzi, na jina la mtu aliyefuatwa na wapagazi wa Unguja. Mtunzi wa tenzi ataka nini zaidi ya hapo?

Wapo watakaosema kwamba kazi ya istilahi iachiwe BAKITA na wataalamu. Istilahi, sawa. Mtaalamu wa misitu anahitaji neno moja kwa kitu kimoja, na ni haki yake. Msafiri na mshairi wanahitaji kitu kingine: wanahitaji maneno yaliyokwisha kulowa. Neno la utusitusi halikusanifiwa na mtu, wala bamvua. Yalitoka midomoni mwa watu waliokuwa na haja nayo kila siku. Na wenye haja ya maneno ya msitu kila siku wapo: Wasambaa na Wabondei wa Usambara, Waluguru wa Uluguru, na wale wenzetu wa Kongo mashariki, ambao Kiswahili chao tumezoea kukicheka kwa sababu hakifanani na cha Unguja. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifu, katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kilikuja na bahari yake yote. Msitu kilikuwa nao mdogo tu, basi. Mkongo aliyekulia Mambasa, ukingoni mwa Ituri, analala na msitu mlangoni na anamwita mwanawe kwa Kiswahili. Ningetoa vitabu kadhaa vya kabati langu ili nisikie anavyoiita ile mvua ya pili.

Kwa kuwa ukumbi huu ni wa watunzi, nami sitaki kuonekana nawatwika wengine mzigo nisioushika hata upande mmoja, huu hapa ubeti nilioutunga nikiwa nimesimama chini ya mti, koti limelowa:

Wingu limeshanyamaa, majani bado yanena,
Jua juu limekaa, huku chini twaitana,
Tone nchani lang'aa, kisha ladondoka tena,
Hunyesha nusu ya saa, mvua isiyo na jina.

Ni ubeti wa kawaida, na mwenye sikio kali atauliza kuhusu mizani ya «nchani» nami nitamjibu kwamba ile «n» ninaihesabu, kama ninavyoihesabu katika nchi. Nimeuweka hapa kwa ajili ya neno la mwisho.

Niongeze jambo moja kwa wale wa Tanga, hasa vijana wanaotunga katika mji aliozaliwa karibu yake Shaaban Robert, na wanaoamini kwamba mada yao ya haki ni mawimbi. Mto Zigi unachimbukia katika misitu hiyo ya Usambara Mashariki, unashuka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo maji yanasafishwa na kuletwa mabombani mjini. Chai yako ya asubuhi ilikuwa tone kwenye ncha ya jani la msambu. Bahari unaitazama, msitu unaunywa.

Basi atakayekwenda, na aende wakati wa vuli ikiwezekana, akiwa na viatu vya mpira na daftari ambalo karatasi zake hazitaharibika kwa unyevu. Simu aiweke mfukoni kwa saa ya kwanza. Amwombe kiongozi wake, kwa adabu na kwa kumpa muda, aeleze kwa Kiswahili kila anachokieleza kwa Kiingereza. Mara ya kwanza atakwama, mara ya tatu atatiririka. Akutane na mzee wa kijiji kilicho ukingoni, amwamkie «shikamoo», akae, aulize jina la mti huu na ule, na sauti hii na ile, ayaandike kama alivyotamkiwa. Na akipata jina la ile mvua, kwa Kisambaa, Kibondei, Kiluguru au Kiswahili cha Mambasa, aniletee hapa ukumbini. Ubeti wa pili nimeuacha wazi kwa ajili yake.